Mkono Wenye Sindano Usifunikwe: Hatari Adimu Wakati wa Kusafisha Damu

Chumba cha kusafisha damu ya watu ambao figo zao zimeshindwa kazi huwa na baridi, na mtu atakayekaa kitini kwa saa nne lazima atafute shuka la kujifunika. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomwambia mgonjwa mpya ni hili: jifunike mwili mzima ukitaka, lakini mkono wenye sindano uache wazi, mimi na muuguzi tuuone.

Mkono huo una sindano mbili. Moja inatoa damu kuipeleka kwenye figo bandia, yaani kichujio cha mashine, ya pili inairudisha mwilini. Pampu inaisukuma damu hiyo kwa kasi ya mililita 300 hivi kwa dakika, na mtu mzima ana damu kama lita 5 tu mwili mzima. Sindano ya kurudishia ikichomoka, pampu huenda isisimame. Inaweza kuendelea kuvuta damu kwako na kuimwaga kwenye shuka, kitini, sakafuni. Dakika tano zikipita, lita moja na nusu imeshatoka.

Wengi hudhani mashine itapiga king'ora. Huenda ikapiga, huenda isipige. Shinikizo ambalo mashine inalipima kwenye mrija wa kurudishia damu hutokana kwa sehemu kubwa na wembamba wa sindano yenyewe, na sindano inabaki nyembamba hata ikiwa nje ya ngozi. Shinikizo likishuka kidogo tu, mashine inaona mambo yako sawa. Kwa hiyo jicho la muuguzi, na jicho lako mwenyewe, vina kazi ambayo mashine haiwezi kuifanya peke yake. Ukihisi majimaji ya uvuguvugu chini ya kiwiko, au plasta imelegea, ita kwa sauti. Ukiona tone kwenye shuka la jirani yako aliyelala, ita kwa niaba yake.

Tukio kama hili ni adimu, na sitaki mtu aache matibabu kwa kuogopa. Kusafisha damu kunaokoa maisha kila siku. Kinachoniumiza ni kwamba hatari hizi adimu mara nyingi huanza kwa dalili zinazofanana na zile za kawaida. Presha kushuka, misuli kukaza, kichefuchefu, kichwa kuuma: haya wagonjwa wengi wanayajua na wameyazoea. Basi siku inapokuja hatari ya kweli, mgonjwa anavumilia. Nimewasikia mara nyingi wakisema baadaye, "Nilimwona dada ana kazi nyingi, sikutaka kumsumbua." Tafadhali, tusumbueni.

Chukua dakika za mwanzo. Damu ndiyo kwanza imefika kwenye figo bandia na kurudi, mgonjwa anahisi joto kali mwilini, ngozi inamwasha, kifua kinabana, pumzi inakata. Hiyo inaweza kuwa mzio mkali dhidi ya kichujio chenyewe au dhidi ya mabaki ya gesi iliyotumika kuua vijidudu ndani yake. Hapo tunasimamisha pampu na kubana mirija, na damu iliyoko ndani ya mirija haturudishi. Ndugu wanaoshuhudia hushtuka kuona damu ya mgonjwa wao inatupwa, hasa kwa mtu ambaye tayari ana upungufu wa damu. Lakini kuirudisha ni kumwongezea kilekile kinachomdhuru. Safari inayofuata anatumia kichujio cha aina nyingine.

Wale wanaoanza matibabu wana hatari yao. Mtu aliyekaa na uchafu mwingi kwenye damu kwa muda mrefu hatakiwi kusafishwa kwa pupa. Urea, mojawapo ya uchafu huo, ikiondolewa haraka kwenye damu, ile iliyomo kwenye ubongo hubaki nyuma, na maji huifuata huko. Ubongo unavimba. Kichwa kinauma sana, mgonjwa anatapika, anachanganyikiwa, na akizidiwa hupata degedege. Kwa sababu hiyo awamu ya kwanza huwa fupi, saa mbili hivi, na pampu huenda polepole. Ukiona mgonjwa wako ametolewa mapema wakati wenzake wanamaliza saa nne, hajapunjwa.

Kuhusu maji nitakaa kidogo, kwa kuwa hayaonekani na hayazungumzwi. Kwa kawaida maji ya dawa, yale yanayopokea uchafu kutoka kwenye damu, hupita kwenye figo bandia kwa mililita 500 kila dakika. Kwa saa nne hizo ni lita 120, na kwa awamu tatu za wiki ni lita 360. Maji ya kunywa hupita tumboni na kwenye ini kwanza. Haya yametenganishwa na damu kwa utando mwembamba tu, hivyo maji yanayofaa kunywewa hayatoshi kwa kazi hii. Mwaka 1996, katika kliniki moja mjini Caruaru, Brazil, maji yaliyotoka kwenye bwawa lenye vijidudu vinavyofanana na mwani yalitumika bila kusafishwa vya kutosha. Sumu ya vijidudu hivyo iliharibu maini ya wagonjwa, na zaidi ya 50 walifariki.

Hata dawa zinazowekwa kusafisha maji ya bomba, kama klorini na kloramini, hupasua chembe nyekundu za damu zikipenya hadi kwenye mashine. Matangi ya mkaa maalumu ndiyo yanayozinasa, na maji hupimwa kabla ya kila zamu kuanza. Chembe zikianza kupasuka, mgonjwa huumwa mgongo na kifua, pumzi inakuwa nzito, na damu kwenye mrija hubadilika rangi ikafanana na mvinyo mwekundu. Mgonjwa mmoja akilalamika, namtazama yeye na mashine yake. Watatu wakilalamika kwa pamoja, natazama maji.

Hewa kuingia kwenye damu ni nadra siku hizi, kwa kuwa mashine zina kifaa cha kuigundua na kubana mrija papo hapo. Ikitokea, mgonjwa hulazwa kwa ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa chini, na hupewa oksijeni.

Hatari nyingine hukufuata nyumbani. Kagua kila siku fistula yako, yaani mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za kusafishia damu. Ngozi iliyokonda ikang'aa, kigaga kisichopona, uvimbe unaokua haraka, au damu iliyotoka kidogo ikakoma yenyewe: usisubiri siku yako ya matibabu, nenda hospitali leo. Damu hiyo kidogo mara nyingi hutangulia mpasuko mkubwa. Mpasuko ukitokea, bonyeza kwa nguvu tundu lenyewe kwa vidole na kitambaa kidogo kilichokunjwa, lala, inua mkono, na mwite mtu apige simu ya dharura. Usizungushie taulo kubwa; linanyonya damu na kuficha inakotoka. Usiachie hata kidogo kuchungulia kama imekoma. Wala usiendeshe gari mwenyewe kwenda hospitali.