Taa za LED na sensa za kuhisi watu kwenye majengo: dhana potofu na ukweli wake

"Balbu ya LED haiungui."

Chembe zenyewe zinazotoa mwanga huishi sana, saa 25,000 na zaidi. Kinachokufa ni draiva, ule ubao mdogo uliofichwa shingoni mwa balbu, hasa kapasita zake, yaani vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji, ambazo majimaji yake hukaushwa na joto. Mafundi wa elektroniki hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Sasa chukua balbu ya wati 15, uifungie kwenye globu ya kioo isiyo na tundu, chini ya mabati yasiyo na dari, Kisumu, mchana wa Februari. Ikifa kabla ya mwaka usimlaumu muuzaji. Kwenye globu iliyofungwa weka balbu ya wati 9 kushuka chini, na boksi liseme wazi kwamba inaruhusiwa kufungiwa.

Muuaji wa pili ni radi, na upande wa Kisii na Kakamega radi si mgeni. Saji protekta ya aina ya 2, kifaa cha kukinga vyombo dhidi ya umeme wa ghafla, hufungwa kwenye bodi ya umeme, nyaya zake zikiwa fupi, zisizidi nusu mita kwa jumla. Kama athi ya nyumba (waya unaoingia ardhini) ni mbovu, kifaa hicho ni pambo tu.

"Taa nyeupe yenye ubuluu ndiyo kali."

Ukali wa mwanga ni lumeni. Kelvini ni rangi tu. Balbu ya lumeni 800, kiasi cha ile ya zamani ya wati 60, hutoa mwanga uleule iwe ya kelvini 3000, yenye unjano, au 6500, yenye ubuluu. Anayeuza vitenge soko la Kibuye, Kisumu, atazame herufi CRI kwenye boksi, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi: 80 yatosha stoo, lakini kwa nguo na nyama tafuta 90, la sivyo mteja atafika nje na kukuta rangi nyingine. Nje ya jengo, hasa karibu na ziwa, ya kelvini 3000 huvutia wadudu wachache zaidi.

"Kuhamia tyubu ya LED ni kuchomoa na kuchomeka."

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Zima breka, si swichi peke yake, kisha pima kwa mita. Fungua fitingi uone choki, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu. Ikiwa ni ya chuma, nzito, yenye stata, toa stata na uweke ile stata bandia iliyokuja na tyubu. Ndani yake mna fyuzi tu. Usirudishe stata ya zamani. Ikiwa choki ni ya elektroniki, iondoe kabisa na upeleke nyaya moja kwa moja kwenye holda, ukifuata mchoro uliochapishwa kwenye tyubu yenyewe. Baadhi hulishwa upande mmoja, laivu pini moja na nyutro pini ya pili ya upande huohuo. Nyingine hulishwa pande zote mbili. Fundi anayekisia huishia kuangusha breka, au taa haiwaki akadhani tyubu ni mbovu.

Ukimaliza, bandika karatasi kwenye fitingi: "LED tu". Mtu akija kurudisha tyubu ya zebaki ya zamani kwenye waya zilizobadilishwa, volti 240 zitapita kwenye nyuzi zake na kuilipua.

Faida yenyewe ipo. Tyubu ya wati 36 pamoja na choki ya chuma hula kama wati 45. Ya LED hula 18. Kwenye ofisi ya Nakuru yenye tyubu 20, saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni yuniti 140 zilizookolewa. Isitoshe, Novemba 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya nje ya tyubu hizo za zebaki ifikapo 2027. Za zamani usizivunje jalalani.

"Sensa hupunguza bili popote uiwekapo."

Balbu moja ya wati 9 inayowaka saa 4 kila usiku hula yuniti 13 kwa mwaka. Sensa inayovuta nusu wati mchana na usiku hula zaidi ya 4 yenyewe. Hapo swichi yatosha. Sensa hulipa kwenye korido ndefu, stoo, vyoo vya umma na madarasa.

Sensa ya kawaida huona tofauti kati ya joto la mwili na la mazingira, kwa hiyo chumba kikifika nyuzi 34 uwezo wake hupungua. Iweke ambapo watu hukatiza mbele yake, maana anayeijia moja kwa moja huonwa kwa kuchelewa. Chooni, ukuta wa mbao huziba, na aliyeketi huachwa gizani. Weka sensa kila chumba, au iseti isizime taa hadi dakika 15 zipite bila kuona mtu. Ile ya maikrowevu huona hata kupitia ukuta wa jipsamu, ikawasha ofisi kila mtu apitapo nje.

Soma pia boksi: mara nyingi kuna kiwango kimoja cha wati cha balbu za zamani na kingine, cha chini sana, cha LED. LED nyingi zikiwaka pamoja huvuta mkondo mkubwa kwa mpigo, vyuma vya swichi ndani ya sensa vikashikana, na taa haizimiki tena.

Kwa taa za ulinzi, saa ya kuwasha na kuzima kwa wakati uliopangwa inatosha. Tuko kwenye ikweta. Machweo hubadilika kwa kama nusu saa tu mwaka mzima.

"Dima ya zamani itafaa." Dima ni swichi ya kupunguza mwanga, na nyingi huhitaji mzigo wa wati 40 au zaidi. LED nne za wati 7 hazifiki, nazo zitapepesa.

"Taa inayomulika hafifu ikizimwa ni mbovu." Mara nyingi ni swichi yenye kitaa kidogo ndani, au swichi iliyofungwa kwenye nyutro. Ya pili irekebishwe leo na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kwani holda bado ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa.