Riwaya Inang'aa, Uchambuzi Umechakaa

Kwenye rafu ya Kiswahili ya maktaba ninayofanyia kazi kuna nakala nne za Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo iliyotoka mwaka 2002 na kutumika kwa miaka mingi katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania. Majalada yote manne bado yanang'aa. Pembeni yake kuna kijitabu cha uchambuzi wa riwaya hiyohiyo. Hicho jalada limeng'oka, kurasa zimeshikizwa kwa selotepu, na sehemu ya dhamira imepigiwa mistari kwa kalamu za rangi tatu. Mzazi anayeniuliza kwa nini mwanawe hasomi huwa nampeleka kwanza kwenye rafu hii, kabla hatujaanza kuilaani simu.

Ajabu ni kwamba riwaya yenyewe inawahusu vijana haohao wasioisoma. Peter na Zita ni watoto wa mama anayeuza chakula, baba yao mlevi, na shule imewashinda kwa sababu ya ada. Kijana aliyewahi kurudishwa getini angeimaliza kwa usiku mmoja. Lakini amekutana nayo ikiwa imeshakatwa vipande kama nyama ya buchani: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, kisha muundo, mtindo, mandhari. Anaweza kukutajia migogoro mitano ya kitabu ambacho hajawahi kukifungua. Kenya kijitabu cha aina hiyo hukiita mwongozo, na ugonjwa ni uleule.

Simu nayo ina mkono wake, sikatai. Marekani, mwaka 2023, ni asilimia 14 tu ya watoto wa miaka 13 waliosema husoma kwa kujifurahisha karibu kila siku. Mwaka 2012 walikuwa asilimia 27, na mwaka 1984 asilimia 35. Uingereza, mwaka 2025, takriban mmoja kati ya watatu wa umri wa miaka 8 hadi 18 ndiye aliyesema anafurahia kusoma wakati wake wa mapumziko. Hao wenzetu maduka yao yamejaa vitabu vya rika hilo. Kwetu simu iliingia nyumba tupu.

Utupu huo una umri wake. Shule ya msingi mtoto ana vitabu vyembamba vya picha kwa Kiswahili. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umeifanya kazi hiyo tangu mwaka 1991. Akifika kidato cha kwanza, ana miaka 13 au 14 na ndiyo kwanza anaanza kuweza kitabu cha kurasa mia, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Anarudi kuokoteza neno mojamoja. Upande wa pili wa mto kuna riwaya za watu wazima, na katikati daraja hakuna. Rika letu lilivuka kwa kuogelea. Tulisoma riwaya za upelelezi, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, chini ya dawati, kitabu kikipita mikono kumi mpaka ukurasa wa mwisho ukapotea. Hakuna aliyeviandika kwa ajili yetu, na hakuna aliyetutahini.

Wa leo pia wanaogelea. Likizo iliyopita mabinti wawili walikaa kona ya maktaba vichwa vimegusana juu ya simu moja. Nilipowauliza wanaangalia nini, mmoja akanijibu bila kuinua macho: "Tunasoma, shikamoo. Tupo sehemu ya 37." Ilikuwa simulizi ya WhatsApp. Mwandishi alikuwa amekata pale mlango unapogongwa, na anayetaka kilichobaki atume buku. Walichanga mia tano mia tano. Elfu moja kuitwa buku ni mzaha wa lugha yetu wenyewe, lakini siku hiyo niliona buku ikinunua usomaji hasa. Tatizo ni kilichomo: mapenzi ya watu wazima, chumbani kila baada ya sehemu tatu, na herufi zimeandikwa kwa pupa. Kenya walilishika jambo hili mapema. Shujaaz, jarida la katuni kwa Sheng, lugha ya vijana wa mitaani huko, lililoanza mwaka 2010, liligawiwa bure na likawafuata vijana walipo.

Sasa upande wa sisi tunaoandika. Miswada ya "vijana" inayofika mezani kwangu huanza hivi: "Tumaini alikuwa msichana mwenye nidhamu, aliyeishi na wazazi wake katika kijiji cha Mtakuja. Siku zote aliwaheshimu wakubwa na kusoma kwa bidii." Msomaji wa kidato cha pili ameshamaliza kitabu. Anajua rafiki ataitwa Tamaa, Tamaa atapata mimba, Tumaini atakuwa daktari. Mwandishi amejaza safu ya ujumbe kwanza, hadithi akaipachika baadaye.

Katika warsha tulimwomba mwandishi mmoja aanze upya, aache sifa, atupe kitendo. Alirudi na hiki: "Viatu vilikuwa vya Neema, lakini Neema alikuwa hajui. Tumaini alivivua nyuma ya bweni, akavifuta vumbi kwa soksi, akavirudisha chini ya kitanda kabla ya kengele ya pili. Soli ya kushoto ilikuwa imeachia." Hatujaambiwa Tumaini ni mwema au mbaya. Tunachotaka kujua ni nini kitatokea Neema akiinama kuvaa.

Mengine nayasema kwa ufupi. Mhusika mkuu mpe mwaka mmoja au miwili zaidi ya msomaji, kwa kuwa watoto husoma wakitazama mbele. Mimi huwashauri wasizidi maneno elfu thelathini. Lugha ya mtaani iwekwe kwenye mazungumzo tu, kwa kipimo cha chumvi, maana neno lililokuwa moto miaka kumi iliyopita leo linamfanya msomaji acheke pasipo pa kuchekea. Mambo mazito, kama mwalimu anayewashikashika wanafunzi au baba anayepiga, yasikwepwe. Yaonekane kwa jicho la mtoto ambaye bado hana majina ya kila kitu. Na kosa kubwa kuliko yote: sura ya mwisho anashuka mjomba kutoka Dar, au padri, au mwalimu mkuu, anatatua kila kitu. Mtoto aliyetembea na Tumaini kurasa mia anaporwa ushindi ukingoni. Mwache Tumaini akosee, na atoke mwenyewe.

Jaribio la bure: Jumamosi moja wasomee wanafunzi watano sura ya kwanza bila kusema ni yako. Weka alama mahali wanapoanza kuchezea vidole.

Wachapishaji wanalia soko, na kilio chao nakielewa, kwa kuwa kinachonunuliwa ni kile kilicho kwenye orodha ya shule. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, imeshindanisha riwaya, ushairi na hadithi za watoto. Kijana wa miaka 14 si mtoto, na riwaya nyingi zinazoshindana ni za mtu mzima. Ningependa aone mlango wenye jina lake. Nyumbani nako kuna ile kauli ya mzazi, "Acha hadithi, soma!", ambayo nimeisikia hata humu ndani ya maktaba. Na mwalimu anayeweza kutoa kipindi kimoja kwa wiki, watu wasome tu, bila swali na bila noti, atakuwa ametenda kuliko makala hii.

Juni tuliweka boksi mlangoni lenye sura za kwanza za miswada, zimechapwa na kupigwa pini, msomaji achukue na kurudisha. Ile ya Tumaini ilirudi baada ya wiki tatu ikiwa na doa la mchuzi na mikunjo ya mikono mingi. Nyuma, kwa penseli, na kwa miandiko miwili tofauti, kulikuwa na maswali: "Neema alikuja kujua?" na chini yake, "Sehemu ya pili bei gani?"