Ukame haumpeleki kila mtu Ulaya

Vijana wengi hufundishwa kwamba ukame na mafuriko huwasukuma watu moja kwa moja hadi Ulaya. Kwa kawaida wanaohama hubaki ndani ya nchi yao, tena karibu na kwao. Baada ya maporomoko ya ardhi ya Bududa, mashariki mwa Uganda, mwaka 2010, baadhi ya manusura walihamishiwa Kiryandongo, Uganda hiyo hiyo. Maskini kabisa mara nyingi hawahami kabisa, nauli hawana. Hilo darasani husahaulika, na linaumiza.

Mwalimu, kila mwanafunzi aulize nyumbani: nani alihama, mwaka gani, kutoka wapi hadi wapi, kwa nini? Usiridhike na sababu moja, uliza, “Na nini tena?” Kwa mfano: mvua ilikatika, ndiyo, lakini pia karo ilidaiwa, na shangazi alikuwa mjini Mbale. Kisha linganisheni majibu na majedwali ya sensa.