Sindano moja ya HPV: jibu lilitoka kwa wasichana wetu

"Daktari, kama chanjo zimepungua, tuambieni tu." Mama mmoja aliniambia hivyo wiki jana kliniki, huku Eastlands. Binti yake wa miaka 10 alikuwa ameshakunja mkono wa sweta ya shule hadi begani. Mama alikuwa amesikia kwamba dozi moja ya chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inatosha, akaona mtoto wake anapunjwa.

Simlaumu hata kidogo. Mtu aliyezoea kuandikiwa dawa kisha akaambiwa akanunue nje ana haki ya kushuku.

Nikamvutia kiti, nikamweleza kwamba jambo hili lilipimwa hapa hapa Kenya. Utafiti uitwao KEN SHE uliandikisha wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, Nairobi, Thika na Kisumu. Theluthi mbili walidungwa dozi moja ya chanjo ya HPV. Waliobaki walidungwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na kura ndiyo iliyoamua nani apate ipi. Baada ya miezi 18, kati ya wale waliokuwa hawana HPV aina ya 16 wala 18 mwanzoni, maambukizi mapya ya aina hizo yaliyodumu mwilini yalikuwa 38. Thelathini na sita yalikuwa kwa waliopata chanjo ya uti wa mgongo. Mawili tu kwa waliopata ya HPV. Hiyo ni kinga ya asilimia 97.5, na aina hizo mbili ndizo zinazoleta takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Namba hizo zilipochapishwa mwaka 2022 nilizisoma mara tatu, maana nimewahudumia wanawake wengi mno waliofika hospitalini wakiwa wamechelewa.

Inawezekanaje, sindano moja tu? Chanjo hii ni protini ya ganda la nje la kirusi. Protini hizo hujipanga zenyewe zikawa kijitufe kitupu, kisicho na DNA ndani, kwa hiyo hakiwezi kumwambukiza mtu. Lakini umbo lake, lile lile likijirudia mara mamia, mwili hulitambua kama kirusi halisi na kuitikia kwa nguvu. Baadhi ya seli za kinga huhamia kwenye uboho wa mifupa, zikaishi huko miaka mingi zikitoa kingamwili, yaani protini zinazopambana na virusi. Kule Costa Rica, wanawake waliopata dozi moja walikutwa bado wana kingamwili zaidi ya miaka 10 baadaye.

Desemba 2022, Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja kwa walio na miaka 9 hadi 20. Anayeishi na virusi vya Ukimwi hayumo humo: yeye anahitaji angalau mbili, na ikiwezekana tatu. Hili nalirudia kila siku, kwa sababu ndilo linalosahaulika.

Mama alinyamaza kidogo. "Na mimi je, mnanidunga?"

Ana miaka 38. Chanjo haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia mwilini. Kwa umri wake, kinachomfaa ni kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Hajawahi kupimwa hata mara moja. Binti alipomaliza kudungwa, nikawaelekeza wote wawili chumba cha pili kushoto, mtoto akimshikia mamake mkoba.