Je, wajua kwa nini beringi ya Landrova kuukuu hugoma kutoka?

Landrova yetu ya 109, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ililala chini ya mwembe Tanga miaka sita. Siku tulipoamua kuifufua, magurudumu matatu yalizunguka vizuri, la nne, la nyuma kushoto, likakataa katakata. Tukadhani ni breki zimegandia drami. Tukaitoa drami, na habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikabaki palepale kama imemwagiwa zege. Jirani akaja na nyundo kubwa. "Ipige tu mwanangu, itaachia." Tukapiga mpaka jua likazama. Haikuachia.

Inashangaza ukifikiri. Beringi imetengenezwa ili izunguke maisha yake yote. Sasa inaganda vipi kiasi hiki? Na huitoaje nyumbani bila kuvunja kitu ambacho spea yake hupati?

Kwanza tuifahamu yenyewe. Kila gurudumu la Landrova ya Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, hukaa juu ya beringi mbili zenye rola zilizolala mshazari, si goroli za duara kama za baiskeli. Muundo huo ulipewa hataza mwaka 1898 kwa Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, Marekani, pamoja na Reginald Heinzelman. Gari lenye mzigo likikata kona, gurudumu halibebi uzito wa juu peke yake, linasukumwa na ubavuni pia. Rola za mshazari hubeba yote mawili.

Beringi hii ina vipande viwili vinavyoachana. Cha nje ni kikombe, pete inayokaa ndani ya habu. Cha ndani ni koni, pete inayovaa ekseli fupi ambayo mafundi huiita stabu. Rola zimeshikwa juu ya koni na kizimba cha bati jembamba. Habu ikizunguka, kikombe kinazunguka nayo, ila koni na stabu vimetulia.

Hapa ndipo penye siri. Uzito wa gari unakandamiza upande mmoja tu wa koni, kwa kuwa koni haizunguki. Kikombe ni tofauti: kila sehemu yake hupita chini ya mzigo zamu kwa zamu. Kikombe kikiwa kimelegea, kila mzunguko kitasogea kidogo, na baada ya muda kitaitafuna habu. Ndiyo maana kiwandani hubanwa kwa nguvu, kikiwa kikubwa kuliko tundu lake kwa sehemu chache za mia za milimita. Koni nayo huachwa iteleze kwa mkono, maana nati ya stabu lazima iweze kuisukuma wakati wa kurekebisha nafasi, yaani mwanya mdogo wa beringi kucheza, ambao ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita.

Kwa hiyo kikombe kimekaza kwa makusudi, koni imeganda kwa ajali. Dawa zake hazifanani. Fundi akisema "beringi imekwama" bila kusema ni kipande gani, bado hajasema kitu, na nyundo ikae chini kwanza.

Koni inagandaje? Mara nyingi ni maji. Habu iliyotoka safari ndefu ina joto. Ukiingia nayo mtoni, hewa ya ndani hupoa ghafla, hunywea, na kuyavuta maji kupitia oili sili iliyochoka, ile pete ya kuzuia grisi isitoke na maji yasiingie. Grisi ikichanganyika na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na ukiiona hivyo jua kazi imeshaharibika. Gari likisimama, kutu inaanza pale koni inapogusa stabu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ule upenyo mwembamba hujaa na kujibana wenyewe. Huku pwani chumvi huongeza kasi. Hata bila maji, mtikisiko mdogo wa koni juu ya stabu husaga chuma kikawa unga mwekundu kama wa tofali, nao hukaza vilevile.

Njia ya pili ni joto. Grisi imeisha, rola zimeng'ang'ania, koni ikalazimika kuzunguka juu ya stabu ambayo haikuumbwa kwa hilo. Vyuma viwili vikisuguana vikavu hulambana hadi vikashikana. Angalia rangi: stabu yenye bluu imefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Hiyo usiirudishe barabarani bila kupimwa.

Sasa kazi. Gari liwe juu ya stendi imara, si jeki peke yake, na matairi mengine yawekewe mawe. Vaa miwani, na nalisema hili kwa moyo wote. Chuma cha beringi kimekomazwa kwa moto mpaka kikawa kigumu kama tupa. Ukikigonga kwa nyundo ngumu hakipindi, hupasuka, na kibanzi chake kina kasi ya kutosha kukupofua. Katikati ya nyundo na beringi weka kipande cha shaba.

Fungua nati mbili za stabu kwa spana boksi ya milimita 52, kisha irudishe moja mpaka iwe sawa na ncha ya stabu, ilinde nyuzi zake. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu na uyaache usiku kucha. Hapo ndipo tulipokosea sisi; tulianza na nyundo jioni badala ya mafuta. Kesho yake funga pula, kifaa cha kuvutia habu, kwenye bolti za habu, kaza mpaka iwe na mvuto mkali, halafu gonga kichwa cha bolti yake ya katikati. Mvuto wa kudumu pamoja na mshtuko hufanya kazi ambayo nyundo peke yake haiwezi. Ikisogea kidogo tu, utasikia mlio mfupi mkavu. Usikimbilie kuvuta zaidi: ongeza mafuta, ngoja, kaza tena. Habu ikisogea mpaka ikazuiwa na ile nati, iondoe nati kabla ya mvuto wa mwisho.

Habu ikitoka na koni ikabaki kwenye stabu, vunja kizimba, ondoa rola, chukua grainda ndogo. Kata pete ya koni kwa mshazari, taratibu, mpaka ubaki unene kama wa ukucha. Usiguse stabu. Weka tindo ndani ya mfereji huo, gonga mara moja. Ugumu uleule uliokusumbua sasa unakusaidia: pete hupasuka, hulegea, na unaitoa kwa vidole. Yetu ilitoka hivyo, na chini yake stabu ilikuwa na mkufu wa kutu mwekundu uliong'oka kwa msasa laini tu. Nilishusha pumzi.

Kikombe ndicho kinachonifurahisha zaidi. Vikombe vingi hutoka kwa kugongwa kwa fimbo ya shaba kutoka upande wa pili wa habu, huku na huku kwa zamu ili kisilale upande. Lakini kuna vilivyokaa ndani kiasi kwamba ncha ya fimbo haina pa kushika. Hapo mafundi hufanya jambo linaloonekana la ajabu: huchomelea. Habu huwekwa mezani, husafishwa grisi yote kwa dizeli na kukaushwa kabisa ili isiwake moto, kisha fundi huzungusha mstari mmoja wa weldingi juu ya uso wa ndani wa kikombe, bila kugusa habu. Anaweka chini, anangoja. Baada ya dakika chache, tiki! Kikombe kimelegea. Ukigeuza habu kinadondoka chenyewe.

Moto unatanua chuma, sasa inakuwaje kikombe kinapungua? Pete inapopata joto hutaka kupanuka, lakini habu iliyopoa imeizunguka na haitoi nafasi. Chuma chenye moto ni laini, hivyo hujikandamiza na kunenepa mahali palepale. Kikipoa, hunywea kuanzia umbo hilo jipya, si lile la zamani, na mstari wa weldingi wenyewe ukiganda huivuta pete ndani kutoka pande zote. Kikombe kinakuwa kidogo kuliko tundu lake. Kilihitaji kupungua sehemu chache tu za mia za milimita.

Kanuni hiyohiyo, kwa utulivu zaidi, ndiyo ya kuingizia kipya. Kikombe cha chuma chenye kipenyo cha milimita 75 kikitoka joto la nyuzi 30 kwenda kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, hunywea takriban milimita 0.04. Kiweke humo usiku ndani ya mfuko wa plastiki, huku habu ikiota jua asubuhi. Kitaingia kwa kugongwa polepole, na unaweza kukitumia kikombe cha zamani kukisukumia, ukishakisaga kidogo kwa nje nacho kisikwame.

Paka grisi kwa kiganja mpaka ipenye katikati ya rola, weka oili sili mpya, kaza nati huku ukizungusha habu, kisha ilegeze mpaka ibaki ile nafasi ndogo. Baada ya kilomita kumi simama, shika habu. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikikuunguza, na breki hazijakaza, nati imebana mno. Ilegeze hapohapo barabarani, kabla koni mpya haijaanza kuilamba stabu.