Kipimo cha umeme ni safi, lakini miguu inawaka

"Kipimo cha umeme kimetoka safi, kwa hiyo mishipa yako ya fahamu ni mizima." Juzi nimelisikia neno hili tena, safari hii kwa mama wa Mpwapwa ambaye usiku hata kanga ikimgusa nyayo inamchoma. Aliambiwa ni mawazo.

Si mawazo, wahudumu wenzangu. Kipimo kile husoma nyuzi nene za mishipa ya fahamu, zile za kuhisi mtetemo na za kuamuru misuli. Nyuzi nyembamba za maumivu, joto na baridi hakizioni kabisa. Ndiyo maana mgonjwa anatembea vizuri, goti likigongwa mguu unaruka, na bado anaungua. Mpime kwa kijiti chenye ncha na chupa mbili za maji, ya baridi na ya vuguvugu, ukipanda kutoka vidoleni. Kipimo chenyewe cha nyuzi hizi nyembamba ni kukata kipande cha ngozi cha milimita 3, sentimita 10 juu ya kifundo cha mguu, nyuzi zihesabiwe kwa hadubini. Hata hicho kikiwa sawa, sifungi faili.

Visababishi vya kila siku mnavijua: kisukari, VVU, pombe, dawa za TB bila pairidoksini (vitamini B6), upungufu wa vitamini B12 kwa aliyetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi. Ukoma msiusahau, gusa baka la ngozi kwa chupa ya maji ya moto uone kama analihisi joto. Sukari ya asubuhi peke yake haitoshi, mnyweshe glukosi gramu 75 upime baada ya saa 2. Ikiwa kati ya 7.8 na 11.0 mmol/L, yaani imepanda lakini bado si kisukari, je, ndiyo iliyoharibu nyuzi au vimekutana tu? Bado tunabishana.

Kinachonikera zaidi ni kutouliza maumivu yalianzia wapi. Kisukari huanza vidoleni na kupanda polepole. Yakianzia usoni au kiunoni, au yakiruka huku na kule, shambulio huenda liko kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo: uliza macho makavu na kinywa kikavu, fikiria Sjögren, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate. Kijana anayeungua viganja na nyayo tangu utotoni kila akipata homa, tena hatoki jasho? Fabry, ugonjwa wa kurithi unaorundika mafuta mwilini; angalia figo na moyo. Anakonda na kuona kizunguzungu akisimama? Tafuta amiloidi, protini mbovu zinazojirundika kwenye viungo.

Wengi hatuwapati chanzo, lakini maumivu yanatibika: amitriptilini, dawa ya sonona inayotuliza pia maumivu ya neva, miligramu 10 usiku, upandishe taratibu. Vitamini B za mchanganyiko msizigawe ovyo. B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu mishipa ya fahamu.