Wenye kifafa wapite kliniki kabla ya mfungo

Kila mwaka mwezi ukishaandama, malalamiko yanayotufikia kliniki ya kifafa ni yale yale: "Dawa zenu hazina nguvu, kijana ameanza kuanguka tena." Tukihesabu vidonge vilivyobaki, jibu hupatikana hapo hapo. Dozi ya mchana imerukwa kwa ajili ya saumu, ya usiku imesahaulika baada ya tarawehe, na usingizi umekatwa na daku. Kukosa usingizi peke yake kunatosha kumwangusha mwenye kifafa.

Siku ya Kifafa Duniani, Jumatatu ya pili ya Februari, miaka hii inaangukia karibu na Ramadhani, basi tuseme mapema.

Dawa za kifafa si dozi ya malaria ya siku tatu. Zinazuia kuanguka maadamu zimo kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Miezi sita ya utulivu si kupona, ni dawa inafanya kazi. Kuipunguza hufikiriwa baada ya angalau miaka miwili bila kuanguka, kidogo kidogo, na daktari. Ukiikata ghafla, hasa fenobabitoni, degedege linaweza kuja lisikatike. Likizidi dakika tano, au jingine likifuata kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali. Na povu haliambukizi! Tumelisema mpaka tumechoka, na bado mtu anaanguka motoni watu wakisimama kando.

Fenobabitoni kwa kawaida humezwa mara moja, usiku, kwa hiyo saa za kufunga haziigusi. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, ikiwa ya mara mbili huweza kupangwa daku na futari, lakini apange daktari. Wenye dozi tatu, na walioanguka karibuni, wasijaribu kwanza ndipo waje kuuliza. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184, inamtaja mgonjwa kati ya walioruhusiwa kufunga siku nyingine. Undani wake waulizeni mashekhe, sisi hatutoi fatwa.

Njooni wiki moja kabla dawa haijaisha, na kadi pamoja na vidonge vilivyobaki. Hatuvihesabu ili tugombe. Fenobabitoni inadhibitiwa kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, hivyo mfamasia akikunyima bila cheti cha dawa cha daktari hakuonei. Cheti kiwe na jina la mgonjwa, dozi, muda, tarehe, saini na muhuri. Kikifutwafutwa, kitarudishwa. Kumgawia jirani dawa hiyo, hata kama naye anaanguka, kunaweza kukutia matatani kisheria; mlete kliniki apimwe.

Anayesafiri kwenda kusali Idi kwao abebe dawa za siku zote na akiba kidogo. Ukisahau dozi, imeze ukikumbuka. Kama saa ya inayofuata imekaribia, iache iliyopita, usimeze mbili kwa pamoja.